Maski za Wageni

Habari ya kifo cha Prezida ilinikuta nimeshika mkasi, nakata vitenge vya kwaya ya akina mama. Aliyenipigia simu ni Mado, rafiki yangu wa tangu shule. «Clarisse, Prezida alisha kufa,» akasema, kisha akangoja nilie. Sikulia. Nilimwuliza kama ile kabati ya vioo ingali sebuleni kwa marehemu. «Kabati gani tena? Muntu alikufa, weye unauliza kabati!» Nikamwambia kabati anaijua vizuri. Nikamsikia anacheka chini chini, kama mtu anayecheka kanisani. «Iko pale pale,» akasema. «Na maski yote iko ndani.» Basi nikamaliza kukata vitenge vyangu, maana kwaya haikufiwa, nikafunga mlango wa karakana, nikaenda kilioni.

Nieleze kwanza alikuwa prezida wa nini, asije msomaji akafikiri ninamzika mkubwa wa nchi. Alikuwa prezida wa timu ya softboli ya wasichana wa komine ya Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Kwetu mtu akishapata muhuri, meza na viti viwili vitatu vya plastiki, tayari ni prezida, na atazikwa na cheo chake. Timu ingalipo. Binti yangu Gracia anaichezea, tena anasimama bezi ya tatu, mahali pale pale niliposimama mimi nilipokuwa na umri wake, na anasimama uso wazi kama mimi. Mwaka jana nilikwenda kumwomba Prezida amtolee mtoto maski moja tu ya kukinga uso mchezoni, kati ya zile za kabatini. Zingekuwa zinauzwa madukani kwetu, nisingepoteza nauli yangu kwenda kwake. Mzee alikuwa ameketi, miguu imevimba, akautazama huu uso wangu bila hata kupepesa, akaniambia: «Mwanangu, wageni wanakuja mwezi ujao. Wakikuta moja imepungua wataniuliza.» Sasa amekufa yeye, na wageni hawajafika hadi leo.

Uso wangu uko hivi: pua imelala upande wa kushoto, na chini ya jicho la kulia mfupa umebonyea, kidole gumba kinaingia bila shida. Wateja wapya wananitazama ninapowapima kiuno, wanajizuia, wanashindwa. «Mama, ni bwana alikupiga?» Bwana wangu, maskini wa Mungu, hata mbu anamfukuza kwa adabu, lakini wanawake wa sokoni wamemnunia miaka na miaka kwa kosa asilolijua. Nikisema ni mpira, wanatikisa kichwa kwa huruma. Ndiyo, mama, mpira. Zamani nilikuwa naeleza hadi koo linakauka. Siku hizi nimeamua kuandika. Mambo ya ukoo wangu nitayaacha. Kila mtu wa hapa akianza kusimulia maisha yake anaanza na babu aliyeletwa kwa treni kuja kuchimba shaba, na mimi kurasa hizo huwa naziruka. Mwaka mmoja utatosha, mwaka ule niliokuwa na miaka kumi na mitano.

Mchezo wenyewe uliletwa parokiani na vijana wa kujitolea kutoka ng'ambo. Walitufundisha msimu mmoja, wakatuachia magongo, glovu na mipira, wakarudi kwao. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo na kukimbia kutoka bezi hadi bezi, na sisi wengine tunautafuta mpira kabla hajafika. Bezi ya tatu iko karibu na mpigaji, upande ambao mpira wa mtu wa mkono wa kulia unakuja kwa hasira zote. Wanasema jina softboli maana yake ni mpira laini. Aliyeupa jina hilo hakuwahi kuupokea kwa meno. Kiwanja chetu kilikuwa nyuma ya shule ya msingi, udongo mwekundu ambao kiangazi kikishika unakuwa mgumu kuliko sakafu, na vijiwe vimejificha ndani yake. Mpira ukigonga kijiwe, unaruka unapotaka wenyewe. Nilikuwa hodari, nisifiche. Nilikuwa nadaka mipira ambayo hata kocha alikuwa anaikwepa, na nilipenda kusimama pale kuliko nilivyopenda kula.

Maski zilifika mwanzoni mwa mwaka huo, katika katoni kubwa kutoka kwa wale wale vijana wa ng'ambo. Prezida alituita sote nyumbani kwake kushuhudia. Ile sebule ninaiona hadi leo: makochi yamevalishwa vitambaa vya kufuma, televisheni imevalishwa, hata simu ya mezani isiyokuwa na waya imevalishwa. Kitu pekee kilichokuwa uchi mle ndani ni sisi, tuliosimama peku kwa sababu mkewe, Mama Odette, hakutaka viatu vya kiwanjani kwenye zulia lake. Katoni ikapasuliwa kwa kisu cha jikoni. Ndani zilikuwa fremu nyeupe za chuma, nyembamba, nyepesi, zimewekwa sponji nyeusi kwenye paji na kidevuni, na mikanda ya kuvutika ya kufunga kisogoni. Zilinukia upya. Kocha wetu Dieudonné, kijana asiyejua kunyamaza, akachukua moja akanivalisha mimi. «Wa bezi ya tatu aanze,» akasema. «Yeye njo iko karibu na kifo.» Wasichana wakacheka. Kwa muda wa kupiga chafya niliiona sebule ya Prezida kupitia vyuma vile, na nikajisikia mtu mzito, mtu wa kuogopwa. Kisha Prezida akaja, akaifungua taratibu, akaipangusa kwa leso yake mahali iliponigusa, akairudisha kwenye nailoni. Tulikuwa tunasema Kiswahili chetu cha mtaani, njo kwa maana ya ndiye au ndiyo, lakini yeye alipenda kile cha mimbarini, kilichonyooshwa. «Msiwe na haraka, wanangu,» akasema. «Akiba haiozi.» Na maski zote zikaingia katika kabati ya vioo, ile yenye taa ndani, pamoja na vikombe vya kahawa na Bikira Maria.

Na unajua sisi tulifanya nini? Tulipiga makofi. Mtu wa mbali atashangaa, mtu wa Kenya hatashangaa, kwa sababu kila nyumba ya kwetu ina vitu vya wageni. Mama yangu alikuwa na sahani zenye maua ya buluu katika bufe yake, nimezifuta vumbi tangu nilipoweza kusimama, na sikuwahi kuziona na chakula. Sisi tulikula kwenye sahani za bati. Mgeni akija, sahani inashuka, uma unatoka, hata sabuni inayonukia inatoka ilikokuwa. Ndivyo tulivyolelewa: kizuri ni cha atakayekuja, na wewe uliyepo subiri. Kwa hiyo Prezida alipofungia nyuso zetu kabatini, tuliona ni heshima. Nikifikiria makofi yale nataka kujitemea mate.

Jumamosi baada ya mazoezi tulikuwa tunakula kwa Prezida, kwenye baraza ya nyuma, chini ya dirisha la sebule. Mama Odette alitusongea bukari kubwa, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki tompson waliokatwa vipande vidogo hivi kwamba ilibidi uwe na imani ili uone samaki. Tulinawa katika beseni moja, tukala kwa kunyamaza kwanza, maana njaa ya softboli haisemi. Na kwa sababu tulinyamaza, tuliyasikia yote ya ndani. Kocha alikuwa anazungumza. «Prezida, kiangazi inakuya. Ule uwanja iko sawa simenti. Mutoto akipigwa mu macho, tutaambia baba na mama yake nini?»

«Tutawaambia ni mchezo,» Prezida akajibu.

«Ile maski banatuma iko ya batoto. Haiko ya kabati.»

Kikombe kikasikika kikiwekwa juu ya kisahani, polepole. Prezida hakuwahi kupiga kelele. Alikuwa na sauti ya mtu anayekubembeleza huku anakukanyaga kidole. «Dieudonné, wewe ni mtu wa leo. Mimi ni mtu wa kesho. Wale wakija wakute maski zimekwaruzwa, zimejaa jasho, watasema watu hawa hawajui kutunza. Watatuletea nini tena? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuwangoje wageni.»

«Na mutoto?»

«Mtoto ana macho. Akiona mpira unakuja, ainame.»

Mado, aliyekuwa golikipa wetu, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, alinitazama, tonge liko mkononi. Yeye alikuwa na maski yake ya zamani, iliyoachwa na vijana wa kwanza. «Unasikia?» akaninong'oneza. «Uiname.» Tukacheka hadi sombe ikatutoka puani. Na mimi, mwenye uso wenyewe, nilicheka kuliko wote. Kocha akatoka ndani, akatupita bila kutuaga, akapanda baiskeli yake. Hakuja tena kula kwa Prezida, lakini mazoezi aliendelea kutufundisha, na tangu siku ile alikuwa ananirudisha nyuma hatua kadhaa kutoka bezi yangu, na mimi nikaona ananionea.

Wageni walikuja kweli mwaka ule, asikudanganye mtu. Walikuja watatu, wamevaa kofia, wametapakaa mafuta ya kuzuia jua. Kiwanja kilifagiliwa. Sisi tulifagiliwa pia, tukasukwa upya, na Prezida akaja na ufunguo shingoni na maski ndani ya kikapu cha Mama Odette, zimefunikwa kitambaa cheupe mithili ya mikate ya altare. «Vaeni, lakini nailoni msitoe,» akasema. Nailoni msitoe! Tukazivaa na nailoni yake. Hakuna aliyetuonyesha namna ya kuzivaa, kwa sababu vitu vya wageni havijaribiwi. Mimi niliivaa juu chini: sponji ya kidevu ikakaa kwenye paji, ya paji ikanikaba koo. Pumzi zetu zikajaza ukungu mle ndani, hatukuona mbele wala nyuma, tukasimama mstari mmoja mithili ya samaki waliofungwa sokoni. Wageni wakafurahi mno. Mmoja akafuta machozi. Wakapiga picha, na Prezida akaingia katikati, ameweka mkono juu ya kichwa changu, maski yangu ikiwa juu chini. Hakuna hata mmoja wao aliyesema kitu. Waliyaleta wenyewe yale madude, wakayaona yamevaliwa kichwa chini ndani ya plastiki, wakasema vizuri sana! Wapumbavu hawakuwa wa upande mmoja, hilo nalo niliandike. Gari lao lilipokata kona, kikapu kikapita mbele yetu, tukavua.

Mechi yenyewe ilikuwa ya mwezi wa nane, na timu ya Likasi. Baridi ilikuwa imeshaondoka, upepo unaleta vumbi la mgodi, na udongo ulikuwa umekauka ukapasuka. Mpigaji wao alikuwa dada mmoja mnene, mabega ya kubebea gunia la makala, yaani mkaa. Kocha alinipigia kelele: «Clarisse, nyuma! Rudia nyuma!» Nikarudi hatua moja, kwa kiburi. Akaupiga. Mpira ulikuja chini chini, wa kawaida kabisa, mpira ambao nimeudaka maisha yangu yote. Niliinama kama Prezida alivyoagiza, glovu chini, macho kwenye mpira. Ukagonga kijiwe. Sikuuona ukipanda. Nilisikia kitu kinavunjika, nikafikiri ni gongo. Nilipofumbua jicho moja niliona mbingu, na Mado ameipiga maski yake chini, analia na kutukana pamoja, matusi ambayo sikujua anayajua. Damu ilikuwa na joto na ladha ya sarafu. Prezida alikuwa ameketi kwenye kiti chake kando ya kiwanja. Watu waliniambia baadaye kwamba neno lake la kwanza lilikuwa: «Jezi! Mvueni jezi isiingie damu.» Jezi nazo zilikuwa za wageni.

Hospitalini nililala katika wodi ya akina mama waliojifungua, kwa kuwa nafasi nyingine haikuwepo, na kila mtoto akilia mfupa wangu ulilia naye. Jicho lilifunikwa bendeji. Daktari alimwambia mama yangu kwamba jicho huenda likapona, pua haitarudi, na mama akajibu ndiyo daktari, ndiyo daktari, hadi daktari akaondoka, kisha akakaa chini sakafuni. Siku ya tatu Prezida akaja. Alikuja na machungwa na kikapu. Nilipokiona kile kikapu, mjinga mimi, moyo wangu ulifurahi. Nikafikiri ameniletea maski, kwamba nikipona nitaivaa. Akaitoa kweli, ndani ya nailoni yake. Akamwomba mama anisaidie kuketi. Akaniwekea maski juu ya bendeji, taratibu, akarudi nyuma, na kijana aliyekuja naye akanipiga picha. «Wapate kuona mahitaji yetu,» akamweleza mama. «Wakiona hivi, watatuma nyingine.» Kisha akaivua, akaikagua isiwe imeshika damu, akaifunga kikapuni. Machungwa aliyaacha. Mama yangu, mwanamke ambaye hakuwahi kumjibu mtu mwenye cheo, alimsindikiza hadi mlangoni kwa heshima zote, akarudi, akayachukua yale machungwa, akayagawa kwa wazazi wote wa wodi ile hadi yakaisha. Mimi hakunipa hata moja.

Nilirudi nyumbani nikiwa siwezi kutafuna. Jikoni kwetu palikuwa na mbabula mmoja, jiko la mkaa, na kibao cha kukalia, na ukutani weusi wa moshi. Nilikaa pale, nikamsikia mama anaingia sebuleni, nikasikia mlango wa bufe, ule mlango unaolia. Akarudi na sahani ya maua ya buluu. Akaipangusa kwa kitenge chake, akanimiminia uji wa mahindi, akaniwekea mapajani. Nikamwambia, mama, hii ni ya wageni. «Kula,» akasema. «Mugeni gani tena? Mugeni njo weye.» Uji ule ulikuwa hauna sukari na uliungua chini. Nimekula karamu nyingi tangu hapo, nimekula harusini kwa matajiri wa mgodi, na sijala chakula kama kile. Tangu siku hiyo zile sahani hazikurudi kwenye bufe. Tulizitumia zote, zikavunjika moja moja, na mama hakumgombeza mtu.

Ile picha yangu ya kitandani ilifanya kazi. Maski nyingine zilikuja, katoni nzima, na unadhani zilikwenda wapi? Mama Odette alihamisha vikombe vya kahawa ili zipate nafasi. Mimi bezi ya tatu sikurudi tena. Kocha Dieudonné alikwenda kutafuta maisha Kolwezi, na siku ya kuaga alikuja kwetu, akashindwa kunitazama, yeye pekee aliyekuwa na haki ya kunitazama. Nikajifunza kushona. Gracia aliponiambia anataka kucheza softboli nilimkataza mwaka mzima, nikamtisha kwa uso wangu. Akaniambia: «Mama, miye niko napenda pale bezi ya tatu.» Ningesema nini? Nilikuwa najua anachokipenda.

Kilioni nilimkuta Mado, nikamkuta Gracia na wasichana wenzake wamevaa jezi, zile zile za wageni, leo zimetoka. Jeneza lilikuwa uani chini ya hema. Ndani, sebuleni, wanawake walikuwa wameketi chini kwenye mikeka kumzunguka mjane. Makochi yote yalikuwa yametolewa, televisheni imetolewa, zulia limekunjwa, ndivyo inavyofanywa kwenye kilio. Kabati peke yake waliiacha, na taa yake ilikuwa inawaka. Wanawake wanalia, na maski zinawatazama. Ukutani palikuwa na ile picha ya mstari, imezungushiwa maua: Prezida anatabasamu, na chini ya mkono wake kichwa changu na maski juu chini. Katibu wa timu, mtu mwenye koti refu kuliko akili yake, alisimama mlangoni ili asikike nje na ndani, akasema: «Huyu ndiye baba aliyelinda nyuso za watoto wetu!» Watu wakasema amina. Nilitazama huku na huku nione kama kuna anayecheka. Walikuwa wanasema kwa moyo wote. Halafu akaniona. «Na huyu hapa ni mtoto wake wa kwanza kwanza, Mama Clarisse. Atutolee ushuhuda.»

Nilimdharau marehemu akiwa hai, na kulala kwake pale uani hakukunibadilisha. Lakini sikuja kumtukana maiti. Nilikuja kwa sababu Jumamosi inakuja, na mtoto wangu atasimama pale, na kiangazi kimeshika. Nikamgeukia mjane. Mama Odette amezeeka, amekonda, ufunguo wa kabati umefungwa kwenye pindo la kitenge chake.

«Mama Odette,» nikasema, «miye niko nani hapa leo?»

«Uko mwana yetu,» akasema huku analia.

«Nilifika, mulinipokea, mulinipa maji, mulinipa mukeka. Muntu anafika ku kilio iko nani?»

Akafikiri. «Iko mugeni.»

«Na huyu mutoto yangu Gracia? Na benzake?»

«Bageni bote.»

«Basi, mama. Prezida alisema ile maski iko ya bageni. Bageni balisha kufika.»

Katibu akakohoa. «Mama Clarisse, hii si wakati yake.» Na kutoka pembeni, bikizee mmoja ambaye sikumjua, amelala ubavu kwenye mkeka, akauliza bila kufumbua macho: «Wakati yake njo gani?» Mama Odette alihangaika na fundo la kitenge, akalifungua kwa meno, akanipa ufunguo.

Nilifungua kabati. Nailoni zilikuwa zimegeuka manjano. Nikachukua ya mbele, nikaichana nailoni, mimi, kwa mikono yangu, na sauti ile ya kuchanika ilinifurahisha kuliko kwaya. Nikamwita Gracia. Nikamwekea usoni, nikavuta mkanda niufunge kisogoni. Mkanda ukavutika, ukabaki vile vile, haukurudi, kisha ukakatika. Sponji ikabomoka kidevuni pake, ikamwagika chembechembe nyeusi kwenye jezi na kwenye mkeka. Nikachukua nyingine. Hivyo hivyo. Mado akachana ya tatu, ya nne. Vidole vyetu vikawa vyeusi kana kwamba tumeshika makala. Zilikuwa zimeoza zote, safi kabisa, bila mkwaruzo hata mmoja. Gracia alisimama katikati ya sebule, mashavu yana masizi, ananitazama.

«Lakini ilikuwa mupya,» Mama Odette akasema. Akaokota kipande cha sponji, kikasagika mkononi. «Clarisse, ilikuwa mupya! Hakuna muntu alicheza nayo hata siku moya!»

Aliniambia hivyo kama mtu anayejitetea, akingoja nimkubalie. Nilijikuta namwonea huruma, nikakasirika, maana huruma sikuja nayo. Nikaomba gunia jikoni. Nikatia fremu zote ndani, moja juu ya nyingine, na zilipiga kelele ambazo katibu alilazimika kuzisubiri ziishe ndipo aendelee na wasifu. Sikungoja mazishi.

Chuma hakikuoza. Chuma kilikuwa kizima, cheupe, kinangoja. Nilikata godoro la kitanda cha zamani nikapata sponji. Mikanda nilitumia mpira wa kiunoni, ule ninaowatilia watu kwenye sketi. Nikashonea kitambaa kilichobaki cha kwaya, kwa hiyo timu nzima sasa ina sura za akina mama wa kwaya. Jumamosi nilikaa kando ya kiwanja, pale kilipokuwa kiti cha Prezida. Gracia alisimama bezi ya tatu akinung'unika: inaniwasha, mama, inanitoa jasho, mama, benzangu banacheka. Nikamwambia jasho linaoshwa. Anung'unike anavyotaka. Siku moja atakuwa mtu mzima, atainama kumpima mteja kiuno, na yule mteja atamtazama usoni karibu kabisa, na hatamwuliza nani alimpiga.